Vibete Warefu na Mashine ya Njia Nne

Juma hili nataka tuzungumzie muziki wa mbali kidogo, kule New Zealand, nchi ambayo mwaka 1981 ilikuwa na watu wapatao milioni tatu tu, na kondoo wengi kuliko watu. Kuna bendi ya huko ya watu wawili iitwayo Tall Dwarfs, yaani Vibete Warefu. Jina lenyewe ni mzaha, na nadhani mzaha huo umewaponza. Mtu akiitwa mchekeshaji, ni wachache watakaomsikiliza hadi mwisho.

Wawili hao ni Chris Knox na Alec Bathgate. Kabla ya hapo walikuwa pamoja katika bendi ya Toy Love, iliyovuma kwao mwaka 1979 na 1980. Toy Love ilivuka bahari hadi Australia, ikapiga maonyesho mengi ya kuchosha, ikaingia studio huko Sydney kurekodi santuri yake. Ilitoka santuri safi lakini iliyopoa. Ule ukali wa jukwaani ulibaki nje ya mlango wa studio. Wenyewe hawakuipenda. Mwaka 1980 haukuisha bendi ikavunjika.

Basi Knox akawa na mashine yake ya kurekodia, aina ya TEAC, yenye njia nne. Maana yake ni hii: utepe mmoja unabeba sauti nne tu, kila moja kwa njia yake. Ukitaka ya tano, sharti uzichanganye za kwanza ziwe moja ili upate nafasi, na kila ukichanganya, mvumo wa utepe unaongezeka. Studio kubwa za wakati ule zilikuwa na njia 24.

Tena hawakuwa na mpiga ngoma. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Walipiga makofi, wakagonga vitu vya nyumbani, kisha wakakata kipande cha utepe na kuunga ncha zake mbili kikawa kama pete. Pete hiyo ikizunguka, mgongo ule ule unarudi bila kuchoka, nao wanaimba juu yake. Leo kompyuta inafanya hivyo kwa kubonyeza kitufe. Wao walitumia wembe na gundi.

Santuri yao ya kwanza ilikuwa ndogo, nyimbo tatu, mwaka 1981, na mmoja ulisema kwa jina lake kwamba hakuna litakalotokea: Nothing's Going to Happen. Mwaka huo huo mashine hiyo hiyo ilirekodi santuri ndogo ya The Clean, vijana wa Dunedin, iliyotolewa na Flying Nun, kampuni changa ya Roger Shepherd wa Christchurch. Ikauzwa kuliko ilivyotazamiwa, na bendi nyingine za kusini zikafuata. Historia nyingi za muziki wa huko humtaja Knox hapo, kama fundi wa kurekodi wenzake, kisha hupita haraka kwenye nyimbo zake mwenyewe. Mimi naona hilo ni kosa.

Santuri ndogo za mwanzo zilikusanywa baadaye katika Hello Cruel World. Waingereza humwekea mtu anayejiua maneno ya kuuaga ulimwengu katili, hawa wanausalimia. Ndivyo nyimbo zao zilivyo. Lahani ni tamu, mtoto anaweza kuifuata, lakini maneno yanazungumzia mwili unaooza, woga na uchovu wa maisha. Unacheka, halafu unajiuliza unacheka nini. Si zote nzuri, nisikudanganye. Nyingine ni vichekesho ambavyo ningeviacha kwenye utepe. Lakini zile nzuri zina huruma ambayo sauti safi ya Sydney isingeibeba.

Waliwaomba wapenzi wao wa nchi mbalimbali wawatumie kanda za migongo, wakatunga juu yake santuri ya Stumpy ya mwaka 1996, na kujiita International Tall Dwarfs. Wapiga ngoma wakawa ni wasikilizaji.

Juni 2009 Knox alipatwa na kiharusi. Kilimnyang'anya usemi, yeye ambaye mali yake ilikuwa maneno. Hapo ndipo ilipoonekana nani alikuwa akisikiliza miaka yote: wanamuziki wa New Zealand, pamoja na Yo La Tengo, Bill Callahan, Lambchop na Jeff Mangum wa Marekani, waliimba nyimbo zake katika mkusanyo wa Stroke ili kumchangia fedha. Mwaka 2022 kampuni ya Merge ya Marekani ikatoa Unravelled, nyimbo 55 za Vibete Warefu kuanzia 1981 hadi 2002.

Knox mwenyewe, baada ya kuugua, alirudi jukwaani. Aliimba kwa sauti tupu, bila maneno, na bendi ikimfuata.