Moto wa Tumbaku: Njiti na Kiberiti cha Gesi katika Historia ya Nachingwea na Ruangwa

Miongoni mwa wavutaji wa siga, yaani msokoto mnene wa majani matupu ya tumbaku usiofunikwa kwa karatasi, suala la chombo cha kuwashia limejadiliwa kwa muda mrefu kama suala la ladha. Wanaopendelea njiti hudai kwamba mwali wa mti ni mpole na hautii harufu ngeni katika jani, ilimradi mvutaji asubiri kichwa cha njiti kiungue kwanza na moshi wake wa salfa utoweke, ilhali wanaopendelea kiberiti cha gesi hujibu kwamba mwali wake hauna harufu na hauzimiki kabla ncha yote ya siga haijashika moto. Pande zote mbili hukikwepa kiberiti cha petroli, kwa kuwa harufu kali ya mafuta yake hupenya katika jani na kukaa humo. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania, siga haikuwahi kuwa kitu cha watu wengi. Waliovuta walivuta kiko, tumbaku ya kusokota na, baadaye, sigara za kiwandani. Hata hivyo, uchaguzi kati ya njiti na kiberiti cha gesi ulifanyika huko pia, na historia yake inaonyesha kwamba ladha ilikuwa na sauti ndogo mbele ya mambo matatu: njia ambayo bidhaa ilipitia hadi kufika, muda ambao mvua iliifunga njia hiyo, na uwezo wa mnunuzi wa kulipa kidogo kidogo.

Kabla ya njiti kuingia, moto ulipatikana kwa namna mbili. Ya kwanza ilikuwa kupekecha, ambapo kijiti cha mti mgumu kiitwacho ulindi kilisimamishwa juu ya kipande cha mti laini kiitwacho ulimbombo, kikazungushwa kwa viganja vya mikono hadi unga wa mti uliokusanyika kwenye kitobo ukafuka moshi na kushika moto. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig aliyesafiri mwaka 1906 kutoka Lindi hadi Masasi na uwanda wa Makonde, aliueleza upekechaji huo miongoni mwa ufundi wa watu wa kusini. Namna ya pili, ambayo ndiyo iliyotumika kila siku, ilikuwa kuutunza moto usizimike: kigogo kilifunikwa majivu usiku, na asubuhi aliyekuta mafiga yake yamepoa alikwenda kupalia moto kwa jirani, yaani kuchukua makaa yaliyo hai juu ya kigae. Kupekecha kulimfaa zaidi mwindaji na msafiri aliye mbali na makazi, na kupalia kulikuwa sehemu ya ujirani.

Tumbaku, mmea uliotoka Amerika na kuenea Afrika Mashariki baada ya Wareno kufika, iliingia katika utaratibu huo bila kudai chombo kipya. Sehemu moja ilisagwa ikawa ugoro, unga wa kunusa au wa kuwekwa mdomoni, ambao hauhitaji moto kabisa. Nyingine ilipondwa na kushindiliwa kuwa mikate ya tumbaku, iliyokatwa vipande na kutiwa katika kiko. Kaa dogo liliwekwa juu ya kichwa cha kiko, na joto lake la polepole likaliwasha jani bila kuliunguza. Kwa mizani ileile ya ladha wanayoitumia wavutaji wa siga, kaa la mti mgumu lilikuwa moto bora kuliko yote, kwa sababu halina salfa wala mafuta. Kasoro yake ni kwamba halibebeki mfukoni.

Kasoro hiyo ndiyo iliyoondolewa na njiti. Mwuza dawa Mwingereza, John Walker wa Stockton-on-Tees, aliuza njiti za kwanza za kusugua mwaka 1827, na mwaka 1844 Msweden Gustaf Erik Pasch akabuni njiti ya usalama, ambayo kemikali zake ziligawanywa mahali pawili, fosforasi nyekundu ikapakwa ubavuni mwa boksi na klorati ya potasiamu ikatiwa kichwani mwa njiti, ili njiti isiwake ila kwa kusuguliwa mahali pake. Katika miaka ya 1850 ndugu wawili wa ukoo wa Lundström, wa mji wa Jönköping, waliigeuza kuwa bidhaa ya kiwandani, ingawa njiti za fosforasi nyeupe, zilizowaka popote zikisuguliwa na zilizoozesha mataya ya wafanyakazi wa viwandani, ziliendelea kuuzwa hadi Mkataba wa Bern wa 1906 ulipoanza kuziondoa sokoni. Bidhaa hiyo iliikuta bandari ya Lindi ikiwa mlango wa biashara ya misafara, ambako pembe za ndovu, nta na utomvu wa mpira wa mwituni vilishuka kutoka bara, na vitambaa, shanga na vitu vidogo vya dukani vikapanda. Katika biashara ya kubebwa kichwani kiberiti kilikuwa na faida ya wepesi, kwani mzigo wa mpagazi mmoja ulitosha kubeba maboksi mengi sana. Hatari yake ilikuwa unyevu, kwa sababu msimu wa mvua wa kusini huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na boksi lililolowa haliwashi tena hata likianikwa, ubavu wake ukiwa umechubuka.

Udhaifu wa kutegemea moto wa ng'ambo ulidhihirika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Manowari za Uingereza ziliufunga mwambao wa koloni la Wajerumani, na meli mbili tu za shehena kutoka Ujerumani zikafanikiwa kupenya, ya pili ikiwa Marie, iliyotia nanga katika ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, Machi 1916, ikiwa imebeba hasa mizinga, risasi na mahitaji ya jeshi. Mwaka uliofuata vita vyenyewe vilihamia bara ya Lindi: ghala la Wajerumani la Ruponda, katika eneo ambalo leo ni Nachingwea, lilitekwa Oktoba 1917, na mwezi huohuo Mahiwa, karibu na Nyangao, pakawa uwanja wa moja ya mapigano makali kuliko yote ya vita hivyo katika Afrika Mashariki. Katika nchi ambayo majeshi mawili yalichukua chakula chake na kuwafanya watu wake wapagazi, ulindi na kaa la jirani vilibaki kuwa njia za moto zisizongoja meli.

Wakati huohuo vita viliharakisha kuenea kwa mshindani wa njiti. Mwaka 1903 mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, alikuwa amepata hati miliki ya mchanganyiko wa chuma na seri, aina ya metali laini, ambao hutoa cheche ukikwaruzwa. Mchanganyiko huo ndio unaojulikana dukani kama jiwe la kiberiti. Jiwe hilo likiwekwa chini ya gurudumu dogo lenye meno, kando ya utambi uliolowa petroli, hutoa mwali usiohofia upepo kama ule wa njiti, na askari wa Ulaya walijitengenezea vyombo vya namna hiyo hata kwa maganda ya risasi. Baada ya vita njiti ilikuwa bado na nguvu kubwa kiasi kwamba mfanyabiashara wa Sweden, Ivar Kreuger, alizikopesha serikali kadhaa ili apewe ukiritimba wa kuuza viberiti, mpaka himaya yake ilipoporomoka alipofariki mwaka 1932.

Nachingwea iliingia katika historia ya dunia kwa njia ya karanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula, ilipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3 za karanga Afrika Mashariki na Kati, na sehemu kubwa ilikusudiwa kuwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, ambako Nachingwea ilichaguliwa kuwa kituo kikuu. Njia ya reli ilijengwa kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Mpango wenyewe ulisimamishwa mwaka 1951 ukiwa umeipotezea serikali ya Uingereza takriban pauni milioni 36, na reli ikang'olewa mapema katika miaka ya 1960. Lakini kwa kipindi kifupi mji wa porini ulikuwa na karakana, maduka, vibarua wanaolipwa fedha taslimu, na maofisa wa Kizungu ambao wengi wao walitoka moja kwa moja jeshini. Hapo ndipo vyombo vyote vya kuwashia vilipokutana mahali pamoja. Kiberiti cha petroli kilikuwa kimezoeleka jeshini, na mafuta yake hayakuwa adimu katika kituo chenye mamia ya matrekta. Kibarua alinunua boksi la njiti kwa senti. Na katika vijiji vya jirani kaa liliendelea kupita kutoka jiko hadi jiko. Ya Urambo yalikuwa tofauti, kwani eneo hilo, lililokuwa chini ya mpango uleule, liligeukia kilimo cha tumbaku, wakati Nachingwea ilibaki mnunuzi wa tumbaku ya wengine, nayo ikaegemea zaidi korosho.

Kuvuta sigara ya kiwandani kulienea kadiri uzalishaji ulivyohamia nchini. Kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, na kiberiti cha njiti kikawa kinatengenezwa Moshi na kiwanda cha Kibo. Mabadiliko haya yalifupisha safari ya baharini na kurefusha safari ya nchi kavu, kwa sababu bidhaa ilipaswa kuvuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu na kupita barabara ya udongo ambayo masika yaliigeuza matope kwa miezi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya jumla ilishikwa na Shirika la Biashara la Taifa, kisha na kampuni za biashara za mikoa zilizojulikana kwa kifupi kama RTC, ambazo ziligawa bidhaa kwa maduka ya vijiji vya ujamaa. Uchumi ulipodorora kuanzia mwaka 1979, baada ya Vita vya Kagera, sabuni, sukari, mafuta ya taa na kiberiti viliadimika pamoja, na mwaka 1983 serikali ikaendesha msako wa walanguzi. Katika hali hiyo boksi la njiti lilitumiwa kwa hesabu, na kupalia moto kukarudi kuwa jambo la kawaida miaka michache tu baada ya kuonekana kumepitwa na wakati.

Kiberiti cha gesi kilipata nafasi katika pengo hilo. Katika chombo hicho gesi ya butani, iliyoshindiliwa hadi ikawa kimiminika, hutoka kwa kubonyezwa na kuwashwa na cheche ya jiwe lilelile la Auer. Aina ya plastiki ya kutupwa baada ya gesi kwisha ilienea duniani katika miaka ya 1970. Uagizaji wa bidhaa ulipolegezwa kuanzia mwaka 1984, viberiti vya plastiki vya bei nafuu, hasa kutoka China, vikafika hatua kwa hatua katika magenge ya vijijini, na Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 likaufanya mto Rufiji usiwe tena kizuizi cha msimu. Sifa zilizokipa ushindi hazikuhusu ladha: hakiharibiwi na mvua, huwaka mara nyingi kwa bei moja, na aina nyingine zina tochi ndogo kitakoni, jambo lenye maana katika nyumba isiyo na umeme. Kwa kuwa sigara huuzwa moja moja, wenye maduka wengi hukifunga kiberiti kamba mlangoni ili mteja awashe na kuondoka, na hivyo moto ambao zamani uliombwa kwa jirani sasa huombwa dukani.

Njiti haikutoweka. Jikoni, ambako mkono unapaswa kuingia kati ya kuni au kufikia utambi wa jiko la mafuta, kijiti kinachowaka kinafaa kuliko chombo kinachochoma kidole gumba, na gesi ikiisha ghafla hakuna nusu ya kiberiti inayobaki. Uchumi wa korosho nao umeleta tahadhari inayovihusu vyombo vyote viwili. Tangu ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaokausha maua ya mkorosho, ulipoonekana nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, wakulima wamekuwa wakipuliza salfa ya unga mashambani wakati wa kiangazi, kwa utaalamu uliosimamiwa na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Unga huo ukitapakaa hewani huweza kushika moto kwa cheche moja, na majani makavu chini ya mikorosho husafirisha moto hadi shamba la pili. Kwa hiyo katika Nachingwea na Ruangwa, ambayo ilipata hadhi ya wilaya mwaka 1995, mahali na wakati wa kuvuta vina uzito kuliko chombo cha kuwashia. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 iliongeza mipaka mingine kwa kukataza kuvuta katika maeneo kadhaa ya umma na kuwauzia sigara walio chini ya miaka 18.

Historia hii haiendi kwa mstari ulionyooka ambao kila chombo kipya hukifuta cha zamani. Kaa lilirudi kila mara njia ya bidhaa ilipokatika, njiti ilitawala palipokuwa na duka lenye shehena, na kiberiti cha gesi kilishinda baada ya barabara kupitika mwaka mzima. Mvutaji wa siga anayepima mwali kwa ulimi wake ana anasa ya kuchagua kati ya vitu ambavyo tayari viko mezani, ilhali kwa wakazi wa Nachingwea na Ruangwa sehemu kubwa ya uchaguzi ilikwisha kufanywa na bandari, reli, kivuko na sera ya biashara kabla mnunuzi hajafika dukani. Na kwa kuwa kiberiti kinachotumika zaidi leo hutengenezwa ng'ambo na hutupwa kikiisha, utegemezi ulioonekana mwaka 1917 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1980 umepungua makali tu, haujakoma.