Uhakiki wa marekebisho katika ramani huria ya Dar es Salaam

Uhakiki wa marekebisho ni kazi ya kukagua mabadiliko ambayo wachangiaji huyatuma kwenye mradi huria, uwe wa programu au wa data, ili kuamua yabaki, yasahihishwe au yaondolewe. Jijini Dar es Salaam kazi hii inafahamika kupitia Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015 kwa kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, zikiwemo Tandale na Ndugumbi katika Kinondoni na Keko katika Temeke. Mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa yameua watu zaidi ya 40 jijini. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichora pamoja na wakazi, na kazi yao iliingizwa OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004.

Katika programu huria, kiraka, yaani rekebisho lililopendekezwa, husubiri mlangoni. Mchangiaji hutuma tofauti iliyopo kati ya faili la zamani na jipya. Msimamizi wa sehemu husika huisoma mstari kwa mstari, huuliza, huirudisha ikibidi, na haiingii mpaka airidhie. Ndivyo mfumo wa Linux unavyotunzwa, na programu ya Git, iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ilibuniwa kwa ajili ya kazi hiyo. OpenStreetMap ina utaratibu mwingine: rekebisho hupokewa papo hapo, ukaguzi hufuata. Kinga yake ni historia. Kila fungu la mabadiliko hubaki na jina la akaunti, tarehe na maelezo ya aliyelituma, hivyo kosa likigundulika hali ya awali hurudishwa.

Mtaro wa maji ya mvua unaonyesha vizuri ugumu wa kazi hii. Mchoraji hupita mtaani na karatasi ya ramani, akaandika upana na kina cha mtaro, umejengwa kwa vifaa gani, umezibwa na taka au la. Kisha huuchora kwenye kompyuta kwa programu ya JOSM. Mstari wake lazima uelekee yanakoelekea maji. Mitaro miwili inayokutana lazima ishiriki nukta moja. Isiposhiriki, macho yataiona imeungana, lakini kompyuta itahesabu kwamba maji yamekwama hapo. JOSM hutoa onyo kuhusu makosa mengi ya aina hii kabla ya kutuma, ila haijui maji ya Ndugumbi yanateremkia upande gani. Hilo linahitaji mtu.

Uchoraji wa majengo kutoka picha za angani hugawanywa vipande: mmoja huchora kipande, mwingine mwenye uzoefu hukikagua, akakipitisha au kukirudisha. Mhakiki huyo anaweza kuwa Ulaya au Marekani, na kazi yake ni ya thamani. Lakini mabati yanapogusana, kama ilivyo katika kata ya Manzese, nyumba tatu huonekana paa moja, na jina la uchochoro halionekani angani kabisa. Kwa sababu hiyo Ramani Huria iliwatumia wajumbe wa mashina, yaani viongozi wa makundi madogo ya nyumba, kuonyesha mipaka ya maeneo yao, mipaka ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote rasmi.

Usahihi huu una uzito, kwa kuwa data hizo zimekuwa zikiingizwa kwenye programu za QGIS na InaSAFE kukadiria nyumba zitakazofikiwa na maji. Nyumba iliyosahauliwa na mhakiki haitahesabiwa katika mpango wa uokoaji. Ndiyo maana uhakiki wa mbali pekee hautoshi: anayekaa kando ya Mto Msimbazi au Kizinga ana ujuzi ambao setilaiti haina. Msomaji unayeishi huko, fungua akaunti ya OpenStreetMap, ambayo ni bure, utazame mtaro unaopita nyuma ya nyumba yako. Ukiwa umekosewa, urekebishe na uandike kwa maneno machache ulichobadilisha na ulivyokijua.