Majira na uwindaji wa wanyama wakubwa kusini mwa Afrika

Uwindaji wa wanyama wakubwa katika Namibia, Botswana, Zimbabwe, Zambia, Msumbiji na Afrika Kusini huongozwa na mvua. Sehemu kubwa ya eneo hilo hupata mvua kuanzia Novemba hadi Machi, kisha hukauka mpaka Oktoba. Kona ya kusini-magharibi, upande wa Cape Town, huenda kinyume: mvua yake kubwa hunyesha Juni hadi Agosti.

Masika

Majani hurefuka hadi kumficha nyati, na kwa kuwa kila bonde lina dimbwi, wanyama hutawanyika. Katika bonde la Luangwa, Zambia, udongo mweusi hugeuka tope zito na magari hayapiti. Namibia hufunga msimu wa uwindaji wa nyara Desemba na Januari.

Kipupwe na kiangazi

Huu ndio msimu wenyewe. Kuanzia Mei nyasi hukauka, moto hupita, na miti ya mopane hupukutisha majani polepole, hivyo jicho hufika mbali. Madume ya swala pala, yakishindania majike mwezi Aprili na Mei, hupunguza hadhari. Juni na Julai usiku wa Kalahari huweza kugandisha maji, na wanaopanda gari la wazi alfajiri huvaa makoti mazito. Baridi hiyo ina faida: nyama haiharibiki upesi, nzi ni wachache, na ndiyo maana familia nyingi za Afrika Kusini huwinda wakati huo na kukausha nyama iwe biltong.

Septemba na Oktoba mambo hubadilika. Vidimbwi vya ndani vikikauka, tembo na nyati hukaa karibu na mto Zambezi, na mfuatiliaji nyayo hodari huanza kazi yake ukingoni asubuhi. Lakini joto la bondeni hupita nyuzi 40, hivyo mnyama aliyeuawa huchunwa haraka. Mbung'o nao hawana simile. Kumvizia mnyama majini wakati huu ni rahisi mno, na wawindaji wenye heshima zao hawakusifu.

Upepo

Mwindaji hutikisa kifuko cha majivu kujua upepo unakoelekea. Mchana wa joto upepo hugeuka ovyo.

Okavango

Mvua iliyonyesha nyanda za juu za Angola hufika delta ya Okavango, Botswana, miezi kadhaa baadaye, hivyo delta hufurika katikati ya kipupwe, wakati Botswana yote imekauka. Botswana ilipiga marufuku uwindaji wa nyara mwaka 2014 na kuurejesha 2019.

Miaka ya ukame

Ukame uliofuata El Niño ya 2023–2024 ulikuwa mkali. Agosti 2024 serikali ya Namibia ilitangaza kuvuna wanyama 723, wakiwemo tembo 83, nyati 60 na pundamilia 300, ili nyama igawiwe wananchi wenye njaa na malisho yapumue. Mwezi uliofuata Zimbabwe ilitangaza mpango wa kuvuna tembo 200.