Masomo Matatu ya Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa Mlimani. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilifungua milango katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na kitivo kimoja tu, cha sheria. Wanafunzi wake hawakufika 15. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, kwenye kampasi ya Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Habari hizo husimuliwa katika kila maadhimisho. Mimi nataka kukumbusha safari ya masomo matatu yasiyotajwa pamoja mara nyingi, yaani historia, uhandisi na taaluma za wanawake.

Idara ya Historia ilianza 1964 chini ya Terence Ranger, aliyekuwa ametimuliwa Rhodesia na serikali ya walowezi. Vitabu vya wakati ule viliisimulia Afrika kupitia magavana, wamisionari na wapelelezi. Mwafrika alikuwa mtu wa kutendewa. Ranger na wenzake, wakiwemo Isaria Kimambo, Arnold Temu na John Iliffe, wakaazimia kuandika historia ambayo ndani yake Mwafrika anatenda. Kimambo alikwenda Upare kuwasikiliza wazee, na kitabu chake kuhusu siasa za Wapare kikatoka 1969. Mwaka huohuo yeye na Temu wakahariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichosomwa na kizazi kizima cha wanafunzi.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni mradi wa 1968 wa utafiti wa vita vya Maji Maji. Chuo kiliwatuma wanafunzi kusini, wengi wao kwenye maeneo waliyozaliwa, kwa sababu walijua lugha za huko na hawakuhitaji mkalimani. Wakakaa na wazee waliokuwa vijana au watoto vita vilipoanza mwaka 1905, wakauliza maji ya dawa yalifikaje kijijini, nani aliyaleta, nani alikataa kuyanywa. Majibu yakaandikwa, yakapigwa chapa na kuhifadhiwa. Gilbert Gwassa aliyachimba zaidi masimulizi ya Umatumbi na Kilwa. Ungechelewa miaka kumi tu, wengi wa wazee wale usingewakuta.

Miongoni mwa walimu wa miaka hiyo alikuwamo Walter Rodney kutoka Guyana, aliyefundisha Mlimani kwa vipindi viwili hadi 1974. Kitabu chake cha 1972, kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichapishwa London na Dar es Salaam. Tangu hapo haikutosha tena kumsifu mfalme wa Kiafrika. Wanafunzi walitaka kujua mkulima na kibarua waliishije chini ya mfalme huyo.

Uhandisi ulichelewa. Katika mgawanyo wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho chuo chetu kilikuwa sehemu yake kabla ya 1970, sheria ilikuwa Dar es Salaam, utabibu Makerere na uhandisi Nairobi, hivyo Mtanzania aliyetaka kuwa mhandisi alivuka mpaka. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Julai 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kikianza na ujenzi, mitambo na umeme. Pamoja na hesabu za ubaoni, kijana alivaa ovaroli akaingia karakana, akasimama mbele ya mashine ya kukereza, akapima chuma, akakata, akapima tena. Likizo ilipofika alipelekwa viwandani kwa mafunzo ya vitendo, yale ambayo hadi leo kila mwanafunzi anayaita PT. Baadaye ikaanzishwa Taasisi ya Ubunifu wa Uzalishaji, kazi yake kubuni na kuunda mashine ambazo mafundi na wakulima wetu wangeweza kuzimudu na kuzitengeneza. Mwaka 2001 kitivo na taasisi hiyo viliunganishwa.

Mwaka huohuo wa 1973 ilianzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, na somo lake likawa la lazima kwa wote, mhandisi akiwemo. Humo ndimo taaluma za wanawake zilipopata makao. Mwaka 1980 walimu na watafiti wa kike waliunda Kikundi cha Masomo ya Wanawake, na mwaka 1983 Ophelia Mascarenhas na Marjorie Mbilinyi wakatoa kitabu kikubwa kilichokusanya na kuchambua maandishi kuhusu wanawake wa Tanzania.

Taaluma hizo zilikuwa na sababu ya haraka. Azimio la Musoma la 1974 lilimtaka kila mwombaji afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Lilikuwa na nia njema, lakini idadi ya wasichana ikaporomoka, maana wengi waliolewa na kulea katika miaka hiyo ya kusubiri. Mwaka 1976 ikabidi waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Hata waliofika hawakuwa salama: mwaka 1990 mwanafunzi wa kike alijitoa uhai baada ya kunyanyaswa chuoni. Kifo hicho kiliwatoa walimu na wanaharakati kwenye semina hadi hadharani. Katika vitivo vya sayansi na uhandisi zikafuata programu za maandalizi kwa wasichana, na baadhi ya wahandisi wanawake wa leo walipata nafasi zao hivyo.

Historia nayo ilirudi kujisahihisha. Ile historia ya 1969 ilimtoa gavana kitini ikamweka kiongozi wa chama. Mwanamke alibaki pembeni. Mwaka 1991 Magdalene Ngaiza na Bertha Koda walihariri kitabu cha historia za maisha ya wanawake wa Tanzania. Mwaka 1997 Susan Geiger, mwanahistoria Mmarekani, akaonyesha jinsi Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, na wenzake walivyotumia vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam kukijaza chama hicho wanachama.

Sehemu kubwa ya kazi hizi imeandikwa kwa Kiingereza, ingawa waliozitoa midomoni mwao walisema Kiswahili, Kimatumbi au Kingoni. Chuo kinapopanga bajeti ya maadhimisho yajayo, naomba kitenge fungu la kuyachapa masimulizi ya Maji Maji na maisha ya wanawake wale kwa Kiswahili, na nakala za kwanza zipelekwe shule za Liwale, Kilwa na Songea.