Kuanguka kwa Eropleni ya Mafia katika Delta ya Rufiji, 1915

Bwejuu ni kisiwa kidogo kilichoko magharibi ya kisiwa kikuu cha Mafia, upande unaoelekea delta ya Rufiji. Mkondo wa bahari utenganishao Mafia na bara ndio uliovukwa na eropleni za vita mwaka 1915. Makala haya yanaeleza habari za mojawapo ya eropleni hizo, iliyoanguka tarehe 11 Julai mwaka huo, na maana ya kazi iliyokuwa ikiifanya.

Chanzo chake ni manowari ya Kijerumani, Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914, chini ya amri ya Max Looff, iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Kisha ikajificha katika vijito vya Rufiji. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata, kwa kuwa maji ni machache, wala mabaharia hawakuweza kuiona, kwa kuwa mikoko iliwafungia macho. Basi ikahitajiwa njia ya kutazama kutoka juu. Rubani Cutler aliruka na Curtiss yake kutoka kisiwa cha Nyororo mnamo Novemba 1914 akaiona meli hiyo. Mwezi uliofuata mashine yake ilimharibikia, akatua katika delta na kutekwa.

Mnamo Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia. Eropleni za kutua majini zilizoletwa baadaye zilishindwa na joto la pwani, hata kupaa zikapaa kwa taabu. Kwa hiyo mwezi wa Juni zililetwa eropleni za magurudumu, mbili za Henri Farman na mbili za Caudron, na kisiwani pakafyekwa kiwanja cha kurukia. Zote zilikuwa za mabawa mawili, moja juu ya jingine. Caudron za namna hiyo zilitumika sana baadaye kufundishia wanaanga. Wakati huo huo ziliwasili Severn na Mersey, meli za mizinga zisizohitaji kina kirefu, ambazo awali ziliundwa kwa ajili ya mito ya Brazili.

Shambulio la tarehe 6 Julai halikufaulu. Meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, na mtazamaji aliye juu hakuweza kujua kombora lipi lilitoka katika meli ipi. Mersey ilipigwa, na baadhi ya mabaharia wake wakafa. Tarehe 11 Julai utaratibu ulibadilishwa, zikapiga kwa zamu. Juu yao walikuwa Cull, aliyeirusha Henri Farman, na Arnold, aliyepeleka habari kwa simu ya upepo: kombora limepita mbali, limeanguka karibu, limekwenda kushoto au kulia. Severn ilipoanza kulenga sawasawa, mashine ya eropleni ilipigwa. Cull akaielekeza kwenye mto, na Arnold, huku wakishuka, aliendelea kusahihisha shabaha. Eropleni ilianguka majini karibu na Mersey ikapinduka. Cull alinaswa chini ya maji kabla ya kujinasua, na mashua ikawaokoa wote wawili. Eropleni nyingine ikashika zamu.

Hivyo ajali hiyo haikumwua hata mmoja wa waliokuwamo. Mauti yalikuwa kwa wengine: Königsberg iliwaka moto, watu wake wengi wakafa na kujeruhiwa, na Looff akaamuru izamishwe. Hata hivyo mizinga yake 10 iliopolewa, ikapigana bara pamoja na jeshi la Lettow-Vorbeck. Mmojawapo umewekwa Ngome ya Yesu, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus.

Kwa wachunguzi wa lugha lipo jambo moja la kuangaliwa. Neno rubani, lenye asili ya Kiarabu, lilimhusu kwanza mjuzi wa maji aonyeshaye vyombo njia. Leo lamhusu pia mwendeshaji wa ndege. Wengi hudhani ni jina la bahari lililoazimwa tu na anga. Lakini habari za Rufiji zaonyesha kwamba kazi zenyewe zilifanana. Eropleni ya Mafia haikuipiga Königsberg. Iliwaonyesha njia wapigaji wasioona, kama rubani wa zamani alivyoelekeza jahazi kati ya miamba. Nayo ilianguka baada ya njia hiyo kwisha kuonyeshwa.