Mchezo, Jina na Uaminifu wa Mchezaji

Mtu aliyecheza mchezo mmoja tangu ujana wake, kisha uzeeni akauacha na kwenda kwa mwingine, je, aitwe msaliti au aitwe mtu huru? Swali hili ni dogo kwa sura, lakini limebeba swali kubwa zaidi: uaminifu wa mchezaji ni mali ya nani? Ni mali ya jina la mchezo, ya mwenye kulimiliki jina, au ya wenzi waliokutana chini ya jina hilo?

Siku hizi swali hili limeulizwa kwa sauti kubwa huko Marekani juu ya mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji wake huizunguka meza. Kila mmoja hujivika nafsi isiyo yake: huyu shujaa, huyu mchawi, huyu mwizi. Mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi, na dadu lenye pande 20 huamua kama upanga umepata au umekosa. Msomaji atasema kwamba mambo haya yako mbali nasi. Kwa hakika hayako mbali. Kujivika cheo kwa mchezo, na kushindana kwa ajili ya jina la mchezo, ni mambo yaliyofanywa katika nchi yetu kabla meza hiyo haijachongwa. Basi na tulitafute jibu hapa kwetu, tukianzia Munisagara.

Munisagara ni kituo cha reli ya kati, magharibi ya mji wa Kilosa, katika bonde la mto Mkondoa. Sikio la Mswahili husikia cheo ndani ya jina hilo: Mwinyi Sagara, yaani bwana wa Usagara. Mwezi wa Desemba 1884 Karl Peters alikuwa Usagara na karatasi zake. Alifanya mkataba na mkuu aliyemwandika kwa jina hilo, akamtaja katika karatasi kuwa ndiye mwenye mamlaka peke yake juu ya Usagara yote. Siku chache kabla yake alikuwa amefanya mkataba wa namna hiyo na Mangungu wa Msovero. Wasagara waliishi chini ya wakuu wengi, kila mmoja na watu wake na kilima chake. Lakini cheo kilichokuzwa katika karatasi kilipelekwa Berlin, na tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi. Seyyid Barghash wa Unguja alipinga. Mwezi wa Agosti mwaka huo merikebu za vita za Ujerumani zikaja kutia nanga mbele ya mji wake, na upinzani ukanyamaza.

Tukio hili twaweza kuliita mchezo wa vyeo ambao mchezaji mmoja tu alizijua kanuni zake. Mwingine aliweka alama yake kwa jina la urafiki, asijue kwamba jina lake limekuwa mali ya mtu mwingine. Fundisho hili tuliweke akiba, maana tutalihitaji mbele.

Miaka michache baadaye, katika miaka ya 1890, miji ya pwani kama Mombasa na Lamu ilizaa mchezo wa vyeo wa namna nyingine: ngoma ya beni. Neno lenyewe latokana na jina la Kiingereza la kundi la wapiga muziki. Vijana waliwatazama wanamaji na askari wa mataifa ya kigeni, wakachukua tarumbeta zao, ngoma zao, mwendo wao wa gwaride na mavazi yao, wakavifanya vyao. Katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani beni iligawanyika katika vyama viwili mashuhuri, Marini na Arinoti. Kwa jumla Marini walijigamba kwa uungwana wa pwani, na Arinoti waliwakusanya zaidi watu wa bara na wa kazi ngumu. Kila chama kilikuwa na wafalme wake, majenerali wake na makapteni wake. Wanawake nao walikuwa na malkia wao. Vyama vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kuchomana.

Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma hii, ameonyesha kwamba beni haikuwa uigaji mtupu. Chini ya vazi la mchezo palikuwa na chama cha kusaidiana. Mwanachama aliyefika mji wa ugenini alipokewa na wenzake. Aliyekufa mbali na kwao alizikwa na chama chake. Cheo cha jenerali kilikuwa cha mchezo, lakini sanda ilikuwa sanda ya kweli.

Kazi ya kujenga reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na bonde la Mkondoa, na kufika Kigoma mwaka 1914. Reli, jeshi na vita ndivyo vilivyoieneza beni bara. Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Kilosa na Morogoro, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Tuwaze sasa askari mmoja wa Kijerumani, mtu wa kufikirika, mwanachama wa Marini. Jana alicheza chini ya vyeo vya Kijerumani na kumpigia saluti mwenzake aliyejiita Kaizari. Leo bendera imeshushwa, na ya mfalme wa Uingereza imepandishwa. Atafanya nini?

Historia yajibu kwamba Marini na Arinoti havikufa pamoja na utawala wa Wajerumani. Beni ilichezwa na watu wa majeshi yote mawili, na baada ya vita iliendelea chini ya Waingereza. Maofisa wa serikali mpya waliingiwa na hofu. Walidhani mtandao huu wa vyeo na barua ni njama ya siri. Walipochunguza waliona kwamba ni ngoma na chama cha kusaidiana. Hofu yao ilitokana na kudhani kwamba mwenye kuvaa jina la Kaizari ni mtumishi wa Kaizari. Mchezaji alijua zaidi yao. Kwake jina la Kaizari lilikuwa vazi la kuvaliwa na kuvuliwa, na wenzi waliobaki baada ya kulivua ndio waliokuwa na haki ya utii wake.

Hata hivyo tusifanye haraka kusema kwamba jina si kitu. Mkoa huohuo wa Morogoro umetupa mifano miwili inayopingana. Beni ilipofifia mijini, dansi ilirithi ushindani wake, na mji wa Morogoro ukagawanyika baina ya mashabiki wa Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, na wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Salum alifariki mwaka 1965. Uongozi ulishikwa na Juma Kilaza, na bendi ikaendelea kwa jina lilelile. Mashabiki walilipenda jina, na jina likawahifadhia sauti waliyoizoea. Lakini mwaka 1973 Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz, akaunda Super Volcano. Hapo shabiki wa siku nyingi alitakiwa kuchagua: abaki na jina aliloliimbia kwa miaka mingi, au aifuate gita iliyolipa jina hilo utamu? Sithubutu kumlaumu aliyebaki wala aliyehama. Kila mmoja alikuwa mwaminifu kwa kitu. Walitofautiana juu ya mahali ambapo uhai wa mchezo umekaa.

Sasa turudi mezani kwa Wamarekani. Mchezo wao nao ulipita mikononi mwa wengi. Gygax mwenyewe alipoteza mamlaka katika kampuni yake mwaka 1985. Mwaka 1997 kampuni hiyo ilinunuliwa na Wizards of the Coast, nayo ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Mwaka 2000 wamiliki walitoa leseni iliyowaruhusu watu wengine kutunga vitabu kwa kutumia kanuni za mchezo. Wachezaji waliipokea kama ahadi. Mwaka 2008 lilitoka toleo la nne, lenye kanuni nyingine na leseni kali zaidi. Wengi wakahamia Pathfinder, mchezo uliotolewa na kampuni ya Paizo mwaka 2009 juu ya msingi wa kanuni za zamani. Jambo hili ni la ajabu: waliohama jina ndio waliobaki na mchezo, na waliobaki na jina ndio waliocheza mchezo mpya! Toleo la tano la mwaka 2014 liliwarudisha wengi. Kisha Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya iliyotaka kuifuta ile ya zamani na kuwatoza ada watungaji wakubwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mashabiki walikasirika, wakasitisha malipo yao, na kabla ya mwezi kwisha kampuni ilirudi nyuma, ikaziachia kanuni za msingi zitumiwe na watu wote.

Mchezaji aliyeanza mwaka 1974 na kuyaona yote haya hawezi kuwa na uaminifu wa namna moja. Atapenda, atachukia, atahama, atarudi. Mwenye kumtazama kwa nje atamwita kigeugeu. Lakini kama katika miaka yote hiyo aliketi na marafiki walewale, akazisimulia hadithi kwa moyo uleule, basi meza yake haikuhama. Vilivyohama ni vifuniko vya vitabu.

Hapa fundisho la Munisagara latufaa. Mkuu yule aliitwa bwana wa Usagara yote na mtu aliyetaka kumiliki Usagara. Alisifiwa kwa jina ili jina lichukuliwe. Mwenye biashara ya mchezo naye huwaita mashabiki wake jamaa, ndugu, warithi wa hadithi. Pengine asema kweli. Lakini mwenye busara husoma karatasi kabla ya kuweka alama yake, na huuliza: mimi nikifa ugenini, ni nani atakayenizika? Beni ilikuwa na jibu la swali hilo, na kwa sababu hiyo ilistahili utii. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee. Kwao mtu ni pale anapotunzwa. Na pale atunzwapo jina tu, huku mchezaji akisahauliwa, mchezaji ana haki ya kuchukua dadu lake akaenda.

Gari la moshi lililopita Munisagara lilibeba askari wa Kaizari, kisha likabeba askari wa mfalme Jorji, kisha likawabeba raia wa nchi huru. Wenye kuitawala njia walibadilika mara kwa mara. Abiria waliokula pamoja katika behewa moja ndio waliokumbukana waliposhuka.