Prednisoloni Peke Yake Haitoshi: Kutibu Mmenyuko wa Ukoma Rugaaga na Nakivale

Mgonjwa wa ukoma anaweza kumeza dawa mseto kwa miezi 12 bila kuruka siku, vimelea vikafa, kisha akaanza kuumwa upya. Mabaki ya vimelea hukaa mwilini kwa miaka, na kinga ya mwili inapoyashambulia huzuka vinundu vya moto, vyenye maumivu, usoni na kwenye mikono na miguu. Homa hupanda, viungo huvimba. Neva, macho na hata korodani huweza kudhurika. Huu ndio mmenyuko uitwao eritema nodosum ya ukoma (ENL).

Uganda ilivuka kigezo cha WHO cha kutokomeza ukoma kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2004. Bwama, kisiwa cha Ziwa Bunyonyi ambako Dk. Leonard Sharp alianzisha makazi ya wenye ukoma mwaka 1931, sasa kina shule. Ndiyo maana tabibu kijana wa wilaya ya Isingiro huenda hajapata kuuona ugonjwa huu. Lakini Nakivale, makazi ya wakimbizi ya wilaya hiyo yaliyofunguliwa mwaka 1958, yanaendelea kupokea watu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako wagonjwa wapya bado huhesabiwa kwa maelfu kila mwaka. Mkimbizi akifika kituo cha afya cha Rugaaga na homa na vinundu, malaria na majipu ndiyo hufikiriwa kwanza.

Akitambuliwa, hupewa prednisoloni. Inatuliza upesi, ni rahisi, na dukani ipo. Kipimo kikipunguzwa vinundu hurudi, naye hujiongezea mwenyewe. Miezi ikipita huja sukari, presha, mtoto wa jicho, au kifua kikuu kilichokuwa kimelala huamka. Minyoo ya strongiloidi, iliyotulia utumboni, huweza kusambaa mwilini na kuua. Akiacha vidonge ghafla, huweza kuzimia na hata kufa.

Thalidomidi ina nguvu kweli. Mwaka 1964, Jerusalem, Dk. Jacob Sheskin alimpa mgonjwa dawa hiyo ili apate usingizi, vinundu vikatoweka. Lakini ni dawa hiyohiyo iliyolemaza maelfu ya watoto tumboni, na hupita hata kwenye shahawa. Mzee anayefuatiliwa hospitalini Mbarara sioni kwa nini anyimwe. Kuipeleka makazini, ambako ndugu hugawana vidonge, ni kucheza na moto.

Mhimili uwe klofazimini. Imo ndani ya dawa mseto kwa miligramu 50 kwa siku, ila kwa ENL huanzia 300, ikishushwa polepole ndani ya mwaka mmoja. Huchukua wiki kadhaa kushika, kwa hiyo ianze siku moja na prednisoloni, si baada ya prednisoloni kushindwa. Pakiti za kawaida hazitoshi: vidonge vya ziada huagizwa kupitia mpango wa taifa wa ukoma. Nayo hubadilisha rangi ya ngozi, ikawa nyeusi-nyekundu. Asiyeambiwa mapema huitupa, maana majirani wataona.

Rugaaga yenyewe inaweza kupima sukari na presha, kutoa ivamektini kabla ya prednisoloni (dozi moja ya albendazoli haitoshi kwa strongiloidi), na kumpa mgonjwa kadi ya kushusha dozi wiki kwa wiki, kwa Kiswahili na Kinyankore.